Juzuu ya Tatu Nyuma ya Majani ya Chai

Hansa alinipigia simu mwezi uliopita, baada ya miaka ambayo sitaki kuihesabu, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa "Mambo?" Mwanamke wa umri wetu, profesa mstaafu, meno sijui yamebaki mangapi, ananiambia mambo. Nami nikajibu "Poa," kwa sababu kinywa kina mazoea yake ya zamani yasiyoniomba ruhusa. Akasema yuko Mchafukoge, kwenye fleti ya mama yake, ghorofa ya tatu. Mama alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka, jengo linataka kuvunjwa lijengwe refu zaidi, na yeye amekuja kutoka huko ng'ambo aliko ili kufunga vyombo. "Njoo, Aika," akasema. "Kuna vitu humu vinakufahamu." Nikasema nitakuja. Nikakata simu, nikabaki dukani kwangu na katoni ya viberiti mapajani, na kitu kilichonijia kwanza, Mungu anisamehe, hakikuwa huzuni ya msiba wala furaha ya kumwona. Kilikuwa wivu. Ule ule, haujapungua uzito, haujaota hata ukungu.

Nianze na chumba, maana wivu wangu ulianzia chumbani. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho kwetu chuo kikuu, sote wawili tukisoma fasihi, na Hansa alikuwa na chumba chenye mlango. Nasema mlango kwa sababu mimi sikuwa nao. Kulikuwa na meza pembeni ya dirisha, juu yake kioo, na chini ya kioo picha za mahekalu na kalenda ya duka la vitambaa. Kulikuwa na feni. Kulikuwa na taa ya mezani iliyoinamisha shingo. Mama yake alikuwa akitupikia chapati nyembamba, moja moja, akizileta zikiwa bado zinafuka, na dengu, na achari ya embe iliyokuwa ikinitoa machozi, kila kitu kwenye sahani za stili zenye vijumba vijumba. Hakuketi kula mpaka sisi tushibe. "Kula, Aika, wewe nakonda," alikuwa akiniambia kwa Kiswahili chake, kisha anatoka barazani kugombana na jirani wa ghorofa ya pili kuhusu maji yanayodondokea nguo, nusu Kigujarati nusu Kiswahili, na sisi ndani tunacheka. Nilikuwa nacheka kweli. Lakini nilipokuwa nikishuka zile ngazi kurudi kwetu, nilikuwa nikijiuliza kwa nini yeye apewe meza na mama wa kuleta chapati, halafu apewe na akili juu yake.

Kwetu kulikuwa Kariakoo, nyuma ya duka la jumla la Baba Mdogo, mdogo wake baba yangu. Wateja walimwita Mangi, kama wanavyowaita wenye maduka wote wa Kichaga mjini hapa. Kitanda changu kilikuwa kwenye stoo. Nilikuwa nikiandikia juu ya magunia ya sukari, nimekalia ndoo, karatasi zikinata, na mbele dukani kelele kuanzia asubuhi: huyu anataka sabuni, yule anauliza chumvi imefika, mwingine anasimulia mkwe wake alivyomfanyia. Niliichukia kelele ile. Niliona ndiyo inayonizuia kuwa msomi. Nilikuwa nikitia pamba masikioni, jamani, pamba, nisiisikie. Kumbukeni hiyo pamba, nitairudia.

Sasa habari ya kitabu. Mwalimu wetu, Dakta Mbonde, alikuwa akipenda kutusomesha zile hadithi ndefu za Ulaya ya zama za kati, za mfalme mmoja na mashujaa wake wapanda farasi waliokuwa wakiketi kwenye meza ya duara ili asiwepo wa kukaa juu ya mwenzake. Maktaba ilikuwa na nakala moja tu, juzuu tatu nene zenye harufu ya kabati. Shujaa anaondoka kwenda kutafuta kikombe kitakatifu, anazunguka kurasa arobaini, anafika msituni, upanga mkononi, adui mbele yake, na hapo hapo mwandishi anakwambia: basi tumwache huyu, tumrudie mwenzake aliyefungwa mnarani. Wa mnarani naye anaachwa kabla hajatoka. Wako kumi na wanane wa namna hiyo. Dakta alituambia kila mmoja aandike makala moja kuhusu namna mpya ya kuandika juu ya hadithi hizi, kwa sababu alikuwa amechoka kusoma makala zinazozisimulia tu kwa kifupi, na makala itakayoshinda kwenye semina ya mwisho ndiyo itakayompa mwandishi wake nafasi ya mkufunzi msaidizi. Nafasi ilikuwa moja. Waliokuwa na alama za kuitaka ni wawili, Hansa na mimi. Sikuwahi kutaka kitu duniani kama nilivyoitaka nafasi ile. Nilikuwa nimeshachagua hata gauni la kufundishia.

Tukakubaliana kupokezana juzuu. Mimi nilisoma haraka, kalamu mkononi, nikikata. Nilichora jedwali kubwa kwenye karatasi ya manila, kila shujaa na mstari wake, mishale myekundu na ya bluu, na hoja yangu ilikuwa kwamba hadithi hizi ni pori, kazi yetu ni kupogoa mpaka shina lionekane. Utangulizi wa juzuu ya kwanza ulikuwa na muhtasari wa hadithi nzima, nikautumia bila haya. Hansa yeye alikuwa akisoma polepole, neno kwa neno, miguu juu ya kiti.

"Huyu mwandishi alikuwa hajui anakoenda," nilimwambia siku moja mezani pake, kwenye hicho kioo. "Anaanzisha kumi, hamalizi hata moja."

"Mbona mimi akiniacha pale msituni siwezi kufunga kitabu?" akasema. "Nakasirika, lakini sifungi. We hukasiriki?"

"Mimi nachoka."

"Basi kuna kitu hatujakiona," akasema, akachovya kipande cha chapati kwenye achari yangu. Hatujakiona! Alikuwa na tabia hiyo ya kusema "sisi" hata pale ambapo kipofu ni mimi peke yangu, na niliichukia adabu yake ile kuliko kama angenitukana.

Alikiona dukani kwetu. Hapo ndipo roho inaponiuma mpaka leo. Ilikuwa Jumamosi, mchana, Kariakoo yote imefurika, amekuja kunichukua twende maktaba, mimi niko stoo na pamba yangu. Akakaa juu ya katoni ya sabuni kunisubiri. "Shikamoo baba," nilimwona akimwambia Baba Mdogo. Nilipotoa pamba na kutoka, saa nzima baadaye, nilimkuta bado amekaa, mdomo wazi kidogo, anatazama. Baba Mdogo alikuwa na wateja saba kwa wakati mmoja, penseli sikioni, daftari hana. Anaanza na mama wa Ilala: sukari, unga, chumvi. Katikati ya chumvi anamgeukia mzee wa Msimbazi, "Mzee, yule kijana wako aliyegoma kuoa amefikia wapi?" Mzee anaanza kueleza, anapofika mahali patamu, Baba Mdogo anamwinulia mkono, "Subiri hapo hapo, nakuja," anamrudia mama, "Mama, tuliishia kwenye chumvi," na mama huyo hana habari tena na chumvi, anataka kujua kijana ameoa au hajaoa. Hakuna aliyeondoka. Hakuna aliyenung'unika. Mizigo ilikuwa ikifungwa na kutoka bila kosa. Mtaa mzima ulikuwa ukisema kwa Mangi mzigo haukosewi, na hayo ndiyo yalikuwa majivuno yake pekee maishani, maana kwa mengine yote alikuwa mtu mnyenyekevu.

"Baba, unakumbukaje yote hayo?" Hansa akamuuliza.

"Sikumbuki mimi, mwanangu. Wanakumbuka wao." Akacheka. "Mteja ukimmalizia, anaondoka. Ukimwacha na kitu kimoja hakijaisha, anakaa. Na akikaa, anakuwa mtu wako."

Nikamwona Hansa anafungua begi, anatoa daftari. Nikaelewa papo hapo, kama mtu aliyemwagiwa maji. Wapanda farasi kumi na wanane. Mnara. Msitu. Subiri hapo hapo, nakuja. Lilikuwa duka letu! Baba yangu mdogo! Nilikuwa nimelala ukuta mmoja na jibu tangu nafika Bongo, na nikaliziba kwa pamba, akaja mtu mwenye meza na feni akaliokota kwa saa moja juu ya katoni ya sabuni. Ningeweza kuliandika na mimi, mtasema. Nisingeweza. Alikuwa ameshaandika, na alinitazama kwa furaha, "Aika, umesikia alichosema?" Nikamwambia sijasikia, twende tumechelewa.

Wiki hiyo juzuu ya tatu ilikuwa mikononi mwangu, na zamu yake ilikuwa inafuata. Alikuwa bado hajajua hadithi inaishia wapi. Alikuwa amekataa kuusoma ule muhtasari wa utangulizi, eti asijiharibie. Alipokuja kuichukua nikamwambia sijaimaliza, njoo Jumatano. Uongo, nilikuwa sijaifungua. Jumanne mchana niliipeleka stoo, nikaisukuma nyuma ya katoni za majani ya chai, kule ukutani kabisa. Sikuwa na hasira. Nilikuwa mtulivu kama mtu anayepanga vyombo. Jumatano akaja, duka limejaa, nikamwambia mbele ya watu, "Mwenzangu, pole sana, kitabu kimepotea. Nilikiweka juu ya katoni, nadhani kimepakiwa na mzigo wa mteja wa Dodoma."

Hansa alimgeukia Baba Mdogo. Wateja nao wakamgeukia, maana wote walijua nimesema nini: kwa Mangi mzigo umekosewa. Baba Mdogo alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile, hata na marehemu mume wangu, ambaye alikuwa na sababu nyingi. Kisha akatoa penseli sikioni, akairudisha.

"Inawezekana," akasema. "Siku ile palikuwa na watu wengi. Nimekosea mimi, mwanangu. Unisamehe." Akamgeukia mteja wake. "Haya mama, tuliishia kwenye viberiti."

Hakuniambia neno, siku hiyo wala baadaye. Ila kila alipopanga upya stoo, na alikuwa mtu wa kupangapanga, zile katoni za majani ya chai hakuzigusa. Maktaba iliandika jina langu kwenye orodha ya waliopoteza vitabu, ikabandikwa mlangoni, nikapita mbele yake kila siku. Nilijiambia si kitu. Nilijiambia Hansa sasa hana mwisho wa hadithi, na makala isiyo na mwisho haiendi popote.

Siku ya semina nilibandika manila yangu ubaoni na pini nne. Nilizungumza vizuri, haki ya Mungu nilizungumza vizuri. Dakta Mbonde akavua miwani. "Bibie," akasema, "umetuandikia safi sana habari za kitabu kifupi. Tatizo letu kitabu ni kirefu." Watu wakacheka, si kwa ubaya, nami nikacheka nao, nikiwa nakufa. Akainuka Hansa, hana manila, hana hata karatasi nyingi. Akaanza, "Kariakoo kuna duka moja." Akasimulia yote, mama wa Ilala na chumvi, mzee wa Msimbazi na kijana wake. Akasema tunakosea tunapoandika juu ya hadithi hizi kwa kuzifupisha, kwa sababu urefu wake ndio kazi yake. Tuandike namna zinavyomshika mtu, zinavyomwacha na kitu hakijaisha ili abaki kuwa wake. Kisha akasema kitu ambacho nimekisikia usingizini maisha yangu yote. "Mimi mwenyewe mwisho siujui. Juzuu ya tatu ilipotea, sijaisoma. Mwanzoni nililia. Halafu nikafikiria, waliosikiliza hadithi hizi zamani, wakisomewa kidogo kidogo, nao walikaa hivi hivi. Sijawahi kuielewa hadithi hii kama nilivyoielewa wiki hizi ninazoingojea."

Dakta alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu, na nafasi ikaondoka pale pale, niliiona ikiondoka. Nilikuwa nimemwibia mwisho, akautumia wizi wangu kunishinda. Halafu aliposhuka akanikumbatia, "Twende nyumbani, mama amepika." Nikaenda. Nikala chapati saba.

Yaliyofuata si marefu. Yeye akawa mkufunzi, akaenda kusoma ng'ambo, akabaki huko, akaandika vitabu kuhusu hadithi hizo ambavyo nimeambiwa vinasomwa. Sijavisoma, na sijasema nitavisoma. Mimi nilifundisha sekondari miaka thelathini na moja, nikastaafu, na Baba Mdogo alipofariki nikakaa kwenye kiti chake. Wateja wananiita Mama Mangi. Nilijaribu kuwahudumia wanne kwa mpigo kama yeye, nikampa mtu wa Ilala sabuni za mtu wa Temeke. Sasa naandika kwenye daftari. Barua za Hansa zilikuwa zikija, baadaye kadi, baadaye salamu kupitia watu, nami nikijibu moja kwa tatu. Mara ngapi nimeanza kuandika habari za mwaka ule kwa ukurasa mmoja, niumalize, nilale? Haufupiki. Ile manila haikunifundisha kitu.

Basi nilikwenda Mchafukoge, mkobani nikiwa na juzuu ya tatu. Nilikuwa nimeitoa kule nyuma ya chai asubuhi ile, jalada limeliwa na mende pembeni, na inanukia majani. Fleti ilikuwa tupu, maboksi sakafuni, sahani za stili zimefungwa kwa magazeti. Meza ilikuwa pale pale dirishani, kioo kimetolewa. Hansa amekuwa mdogo, nywele nyeupe zote, na bado mzuri, bila shaka, asingeweza kunipa hata hilo. Akapika chai ya tangawizi kwenye sufuria ya mwisho, tukakaa sakafuni, tukamlilia mama yake vizuri. Kisha nikasema, maana nilijua nikinywa kikombe cha pili sitasema, "Hansa, kile kitabu hakikwenda Dodoma."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwa Mangi mzigo haukosewi. Nilijua dakika ile ile aliposema amekosea." Akapuliza chai yake. "Halafu Ijumaa yake nilipita dukani, wewe hukuwepo. Akaniita pembeni, masikini. Akaniambia, mwanangu, kitabu kiko nyuma ya majani ya chai, nikuletee? Nikamwambia hapana, baba. Kiache."

Nilihisi uso unawaka, kwenye umri huu. "Ulikuwa na wiki mbili kabla ya semina! Ungekisoma! Kwa nini usichukue?"

"Ningekichukua ningekuwa nimekukamata. Ungeona haya, tungemalizana, usingepanda ngazi hizi tena." Alisema kama anavyosema mtu kitu cha kawaida kabisa. "Nami sikutaka tumalizane, Aika. Nilikuacha na kitu kimoja hakijaisha. Si ndivyo alivyosema?"

Ndivyo alivyosema. Ndivyo alivyosema baba yangu mdogo, dukani kwetu, nami nikajifanya nina pamba masikioni. Miaka yote ile nilidhani namficha kitu, kumbe nilikuwa mteja, nimesimamishwa kaunta nangoja chumvi yangu. Nililia, na sitasema nililia kwa upendo tu. Nililia kwa wivu, mpya kabisa, mkali kuliko wote, kwa kuwa hata urafiki wetu alikuwa ameujua kuutunza kuliko mimi, na kwa njia iliyopaswa kuwa yangu.

Nikafungua mkoba. Akaona pembe ya jalada, akanyoosha mkono, macho yanamcheka kama msichana, ingawa mwisho wa hadithi alishausoma kitambo huko ng'ambo. Lakini vidole vyangu vikakataa. Anaondoka mwisho wa mwezi, nyumba inavunjwa, mama hayupo, ni nini kingine kitakachomrudisha mjini hapa? Nikafunga mkoba, nikauweka upande wangu.

"Sijaimaliza," nikamwambia. "Njoo dukani Jumatano."

Akanitazama, halafu akaanza kucheka mpaka akashika ukuta.

Jumatano akaja. Nikampa kiti, nikampa chai, nikamuuliza habari za wajukuu wake, na alipofika mahali patamu nikamgeukia mteja. Kitabu sikumpa.